Siku Mtani Alipotumwa Kuposa

Baridi ya milimani kwetu haiui mtu. Humwibia vidole tu. Jambo hili huwaeleza wote ninaowafundisha kuendesha pikipiki, tena polepole, maana najua hawaniamini mpaka liwakute. Mwezi wa Julai ukungu hulala juu ya mashamba ya chai mpaka jua lipande sana. Ukishuka asubuhi kuelekea Korogwe mjini, unadhani mkono wako umeshika breki, kumbe mkono ulikwishalala zamani na wewe unakumbuka tu kushika. Kwa hiyo vaa glavu. Kama huna glavu, vaa soksi mikononi. Wakikucheka waache wacheke, wewe utafika.

Nimelitanguliza hili la glavu kwa sababu yote yaliyotupata siku ile yalianzia hapo.

Tulikuwa watatu, wote tukila kwa pikipiki, na wenzangu wawili nilikuwa nimewafundisha mimi mwenyewe, ndiyo maana waliniita mwalimu. Mmoja ni Mzigua wa Handeni, mwenye mdomo ambao Mungu aliutengeneza bila kifuniko. Wa pili ni Mnyamwezi, ingawa Unyamwezi hakuwahi kuuona. Babu yake aliletwa kukata mkonge, akazaa, akafia kambini, na huyu mjukuu akazaliwa Hale. Sikumbuki mara ya mwisho tulipowaita kwa majina yao. Wao wenyewe waliitana mtani.

Kila baridi ilipokuja tulikaa kijiweni tukiota moto wa matawi ya michai, tukipanga safari ileile ambayo hatukuwahi kuifunga. Tutashuka Korogwe, tutavuka mto, tutapita Handeni na Mkata, tutaitafuta Chalinze, halafu kusini, kusini tu, mpaka Lindi, tuvae fulana tukae jua litupige mgongoni. Mwaka huo safari ilipata sababu. Mnyamwezi alikuwa amempenda binti wa Kwaluguru aliyekuja Masuguru kwa dada yake kujifunza cherehani. Alimbeba kwenye pikipiki mara nyingi kuliko safari alizokuwa nazo binti. Binti akasema, njoo nyumbani. Basi tukapanga: tupitie Kwaluguru, tupose, tukipewa jibu jema tuendelee kusini tukishangilia. Mnyamwezi alinunua doti ya kanga, sukari na majani ya chai ya kwetu, akavifunga nyuma ya pikipiki kama anayefunga mtoto mgongoni.

Lilibaki suala la mshenga. Mnyamwezi hakuwa na baba wala baba mdogo, alikuwa na mama tu pale Hale. Mimi ni Mshambaa, na Kizigua changu ni cha kuombea maji. Nyumba ile ilikwishatuma neno kwamba barua hawataki, wanataka mdomo. Mwenye mdomo tulikuwa naye. Mzigua mwenzao, anajua mila zao, anajua wapi pa kuinama na wapi pa kukohoa. Tukamchagua bila hata kubishana.

Kwa msomaji ambaye kwao hakuna utani, nifafanue kidogo, si jambo gumu. Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mtani wako anaweza kukutukana mbele ya watu, hata msibani, na huruhusiwi kununa. Anaweza kuchukua kitu chako mbele ya macho yako akasema, "Nachukua, mtani," na kimekwenda. Ukinuna, aibu ni yako. Ni sheria nzuri, imetuliza ugomvi mwingi. Mimi nimeiona ikimchekesha mjane.

Asubuhi ya safari Mzigua alitoka na pikipiki mpya, nailoni ya kiwandani bado iko kwenye kiti. Alikuwa akiikalia hivyo hivyo isichakae. Glavu hakuwa nazo. Za Mnyamwezi zilikuwa zimening'inia kwenye usukani, za ngozi, nzito. Mzigua akazichukua, akazivaa.

"Nachukua, mtani."

"Mtani, leo hapana. Leo baridi."

"Wewe unakwenda kwa mchumba, una joto la kutosha. Mimi naenda kukuombea, mdomo wangu usigande."

"Mdomo unauvalisha glavu?"

"Nikipata ya mdomo nitaichukua pia."

Tukacheka. Mnyamwezi akapulizia viganja vyake, akapiga kiki.

Nilimwambia aje nyuma yangu, ashuke na gia ya pili, asiitegemee breki. Aliitikia. Kwenye kona ya tatu au ya nne nikamsikia. Pikipiki ikianguka haina mlio mkubwa, ni kama mtu ameburuta bati. Vidole vilikuwa vimekufa. Alikuwa amelala kwenye mfereji wa barabara, usukani umepinda, nusu ya uso imechunika kwenye changarawe. Kifurushi cha kanga kilikuwa salama. Alikishika kwanza kabla hajajishika uso.

Mzigua alishuka, akasimama juu yake, mikono kiunoni, glavu zimemjaa vizuri.

"Mtani, hata hatujafika umeanza kupiga magoti?"

Masuguru tulipita kwa dada yangu. Alimwosha Mnyamwezi uso kwa maji ya chumvi. Halafu dada akampaka dawa ile ya zambarau, kuanzia paji la uso hadi kidevuni, bila ubahili. Alipomaliza alirudi nyuma akamtazama kama anayetazama ukuta alioupaka rangi.

"Umependeza," akasema. "Wakikukataa huko, rudi, tutakutundika mlangoni ufukuze wezi."

Mnyamwezi alicheka kwa upande mmoja wa mdomo, ule uliofunguka.

Baada ya kuvuka mto, joto lilianza kutujia. Hiyo ndiyo saa ninayoikumbuka kwa wema. Lami ya kwenda Handeni ilikuwa kavu na nyeupe, mashamba ya mahindi yamekwishavunwa, wafugaji wanavusha ng'ombe bila haraka. Tukasimama kuvua majaketi. Handeni mjini tukajaza mafuta mpaka yakafurika, kwa kuwa safari ilikuwa ya mbali. Mnyamwezi aliendesha akinyoosha vidole kimoja kimoja juani, kama anayevihesabu kwamba vimerudi vyote. Alinisogelea akapiga kelele kwenye upepo, "Mwalimu! Wakisema ndiyo, nitampigia mama simu palepale uani kwao!"

Tuliacha lami, tukashika vumbi la Kwaluguru. Kwa mila, anayeposa haingii. Alibaki dukani njiani, akilinda pikipiki zote, na mimi nikamsindikiza mshenga, maana mshenga haendi peke yake.

Walitupokea vizuri sana. Uani palikuwa pamefagiliwa, mkeka umetandikwa. Aliyesema kwa niaba ya nyumba alikuwa baba mdogo wa binti, mzee mcheshi mwenye kofia ya kufuma. Pembeni alikaa shangazi, dada mkubwa wa baba yake binti, akipukuchua kunde kwenye ungo. Tukaamkia, "Shikamooni," tukapewa maji. Mzigua akaanza kwa adabu ambayo sikujua kama anayo.

"Wazee wangu, mimi ni mdomo tu. Nimetumwa. Maneno nitakayosema hapa si yangu, ni ya aliyenituma."

"Tumesikia," mzee akasema. "Aliyekutuma ni mtu wa wapi?"

"Mtoto wa Hale, mzee. Mchapakazi. Ni Mnyamwezi."

Mzee akaangua kicheko, akajipiga paja. "Mnyamwezi! Yaani umetoka kote huko kutuletea mpagazi? Babu zake walipita hapa na mizigo kichwani, mpaka leo shingo hazijanyooka!"

Watu wakacheka. Nao ni Wazigua, ni watani zake vilevile. Nilimwangalia mwenzangu. Mdomo ulikuwa unamtetemeka kama mtu anayezuia chafya. Aliuzuia.

"Ni mtu mwema, mzee."

"Mwema, mwema. Anakula kiasi gani? Tusije tukauza shamba kumlisha."

Akaizuia na hiyo. Nilimgusa goti nimtie moyo.

"Haya, sema kweli," mzee akainama mbele, macho yanacheka, "ana kasoro gani huyo? Maana kwao wasichana wamejaa. Mpaka aje kwetu, ana kitu."

Na mwenzangu akafunguka.

"Mzee, kasoro? Tukae tuhesabu mpaka Idi! Miguu ya bata. Akikoroma, nyani wanahama. Halafu ana kifafa, mzee! Leo leo asubuhi kaanguka mbele yetu, tumemwokota mferejini, uso wote umebaki barabarani!"

Uani pakalipuka. Mzee alifuta machozi kwa kofia yake. Nami nilicheka, siwezi kusema sikucheka. Kilichotuzima ni kwamba sauti ya kunde ilikuwa imekoma kwenye ungo.

"Rudia," shangazi akasema.

"Aa, shangazi, natania. Si unajua, yule ni mtani wangu."

"Umeingia hapa kama nani?"

"Kama mshenga, shangazi."

"Mshenga hatanii. Umesema mwenyewe, maneno si yako, ni ya aliyekutuma. Basi aliyekutuma ndiye aliyesema ana kifafa."

"Hapana, hilo la kifafa ni langu."

"Kama moja ni lako, yote ni yako. Basi hukutumwa. Umefuata nini hapa?"

Nilijaribu. Kueleza ndiyo kazi ninayoiweza. Nilimweleza shangazi habari ya baridi, na ya vidole, na ya glavu, na ya kona ile. Nilimweleza kwamba kosa letu lilikuwa kumtuma mtani kazi ya mshenga, kwa sababu mtu hawezi kuvaa kofia zote mbili siku moja. Sikuharakisha. Walinisikiliza kwa adabu zote. Nilipomaliza, shangazi alinitazama kwa huruma.

"Mwanangu, unaeleza vizuri. Kwa nini mtu asiye na ugonjwa anahitaji kuelezwa hivi?" Akamgeukia mtoto wa jirani. "Kamwite dukani."

Mnyamwezi alikuja mbio nusu, akijifuta vumbi. Alidhani anaitwa kupokea jibu. Nililiona kwenye macho, uso wenyewe ulikuwa hauonyeshi kitu, umevimba na zambarau. Wanawake wawili walishika vinywa. Alipiga goti moja akaamkia kila mtu, kisha akabaki hapo, anangoja.

"Uliangukaje?" shangazi akauliza.

"Pikipiki, shangazi. Vidole viliganda."

"Wenzako hawakuganda?"

"Walikuwa na glavu."

"Wewe zako?"

Alimwangalia Mzigua, ambaye glavu zilikuwa zinachungulia mfukoni mwake. "Mtani alichukua," akasema.

Mzee alicheka tena, lakini safari hii peke yake.

Shangazi alinyanyuka. Alisema bila hasira, kama anayezungumzia mvua, kwamba kaka yake alikuwa na ugonjwa huo, na siku moja ulimkuta ameketi jikoni, wakamtoa motoni wamechelewa. Alisema hatampeleka mtoto wa nyumba ile kwenye moto mwingine kwa kuwa wanaume wamecheka. Akaagiza jiko la mkaa. Juu yake akatia manyoya ya kuku na kipande cha kwato ya mbuzi. Sijui alilitoa wapi jambo hilo, na nisingependa mtu alijaribu. Wanaojua tiba wameniambia moshi haupimi kifafa, unapima mapafu tu. Lakini yeye aliamini kwamba mwenye ugonjwa hastahimili harufu ile.

"Kaa," akamwambia. "Ukiwa huna, hutaanguka."

Angeweza kukataa. Nilitaka akatae. Alikaa mbele ya jiko, wakamfunika blanketi, na moshi mzito wa kuungua ukaanza kutoka pembeni. Watoto walikuwa wamekwishajaa uani. Mtoto mmoja alikuwa akisema kwa sauti, "Bado! Bado! Anaanguka sasa hivi!" Tulimsikia akikohoa, kisha akikohoa kama anayetapika, na mgongo wake ukitikisa blanketi. Kila ulipotikisika watu walirudi nyuma hatua. Mzigua alisema, "Vumilia, mtani, unafukizwa kama bibi harusi," na hakuna aliyecheka.

Hakuanguka. Shangazi alipofunua blanketi, alikuwa amekaa wima, mikono juu ya magoti. Machozi na kamasi vilikuwa vimeiyeyusha dawa, zambarau imemshuka shingoni hadi kwenye shati jeupe alilopiga pasi usiku kwa ajili ya siku hiyo. Alifumbua macho akitafuta hewa, na kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa mlango wa jikoni. Binti alikuwa amesimama pale. Nadhani alikuwa amekuja kwa wasiwasi. Lakini alipouona uso ule kicheko kilimponyoka, kidogo tu, puani, akageuka haraka akaingia ndani.

Mnyamwezi aliendelea kuutazama mlango.

"Huna kifafa," shangazi akasema. "Nimeona, na wote wameona. Mungu akupe afya."

"Asante, shangazi."

"Lakini kimekwishasemwa, kwa kinywa cha mshenga, kwenye nyumba yenye mabinti. Kesho kitakuwa sokoni. Atakayekuja kumposa mdogo wake atauliza, shemeji yao ndiye yule wa kifafa? Siwezi kuzunguka kijiji kizima na jiko la mkaa. Chukueni kanga zenu. Sukari acheni, watoto wameishafungua."

Mzee wa kofia alitusindikiza mpaka njiani. Alikuwa anasikitika kwa kweli. Alimpiga Mnyamwezi begani akasema, "Umetuvunja mbavu, mtani. Ungetufaa sana."

Tulirudi hadi kwenye lami, mzee akitufuata nyuma kwa baiskeli yake. Pale njia inagawanyika: kulia unarudi Handeni na kwenye baridi yetu, kushoto unakwenda Mkata na kusini. Jua lilikuwa kali, lile hasa tulilolitamani miaka yote kijiweni. Mzigua hawezi kukaa kimya muda mrefu, humuuma. Alijinyoosha akasema:

"Basi mtani, usihuzunike. Safari bado ipo. Kusini kuna wanawake wasiosikia vizuri."

Mnyamwezi alimwangalia. Hakuwa na ruhusa ya kukasirika, na alijua. Sheria ilimfunga mikono kuliko baridi. Akanyoosha kiganja.

"Glavu."

Mzigua akampa. Alizivaa taratibu, kidole baada ya kidole, katika joto lile. Kisha akaipita pikipiki yake iliyopinda usukani, akaenda kwenye ile mpya. Ufunguo ulikuwa umechomekwa. Akaichana nailoni ya kiti kwa mkupuo mmoja, akaiachia, upepo ukaiburuta barabarani.

"Nachukua, mtani."

Mzigua akacheka. Angefanya nini kingine? Mimi nilikuwa shahidi, na mzee wa kofia alikuwa bado anakuja nyuma kwa baiskeli. "Chukua!" akasema. "Chukua, uizungushe upunguze moshi!"

Mnyamwezi akazifunga kanga za mama yake mkwe asiyekuwepo nyuma ya kiti. Akakunja kushoto. Aliondoka kama nilivyomfundisha, klachi polepole, bila kurusha tairi.

Tulingoja. Mzigua aliendelea na mizaha kwa muda: anakwenda kununua maji, anakwenda kunawa uso, atarudi, hawezi kwenda mbali. Halafu alikumbuka kwamba tanki limejaa. Nilimwona akilikumbuka. Aliita barabarani mara moja, kwa jina lake halisi, ambalo sikuwahi kumsikia akilitaja. Mzee wa baiskeli alipofika na kuelezwa, aliivua kofia akakuna kichwa.

"Mtani kachukua," akasema. "Na wewe umesema chukua. Sasa hiyo unataka tuiite kesi?"

Baada ya siku kadhaa nilikwenda Hale kwa mama yake. Alinikaribisha barazani, akanimenyea chungwa. Nilimweleza mwanzo hadi mwisho, kwa mpangilio, nikimwonyesha jinsi kila mmoja alivyofuata mila: mtani alitania, shangazi alilinda nyumba yake, mwanawe alichukua kwa haki. Aliitikia kwa kichwa kila nilipofika kituo, kama mwanafunzi mzuri.

"Kwa hiyo hakuna mwenye kosa," akasema.

"Kwa kweli, mama, ukilitazama vizuri, hakuna."

"Basi wewe unayejua kueleza, nieleze. Nimlaumu nani?"

Nilikula chungwa.

Binti ameolewa upande wa Kabuku. Mnyamwezi hajarudi. Ametuma picha moja tu kwenye simu ya mtani wake. Pikipiki imesimama chini ya mkorosho, glavu zimening'inia kwenye usukani, na chini ameandika: "Lindi joto, mtani. Glavu sizihitaji, njoo uzichukue." Watu wa kijiweni wanaijua. Kila Julai, ukungu ukishatua, lazima atokee mmoja aseme, "Hebu tuoneshe ile picha," na Mzigua hutoa simu akaizungusha mkono kwa mkono, huku akicheka kuliko wote, maana ndiyo sheria na yeye ndiye aliyeishika siku zote. Kisha simu inamrudia. Anaitazama kidogo, anaizima, anavaa soksi zake mikononi, anapanda pikipiki yenye usukani uliopinda, na anashuka.